mAh 5,000 zimepotea kwenye pawabenki, nimemkata hela mtoto wa kaka

Fundi shikamoo. Naomba unisaidie maana hili jambo limeshakuwa la ukoo sasa, limetoka kwenye chaja.

Mi ni mama wa miaka 41 nipo Kigoma, nina kibanda cha kuchajisha simu Kibirizi, pale chini karibu na wanaposhushia dagaa. Simu nachaji lakini hela yangu hasa iko kwenye pawabenki, wavuvi wakiingia ziwani usiku mzima hawataki simu iwazimikie huko katikati, kwahiyo jioni anachukua pawabenki asubuhi anarudisha na hela yangu. Ninazo 9 na zote zimeandikwa 20,000 mAh, nimezipa namba kwa rangi ya kucha. Mwezi ukiwa mkubwa vipe, yaani boti za dagaa, havitoki na mimi napumzika, giza likirudi na kazi inarudi.

Kibandani nilikuwa na mtoto wa kaka yangu ana miaka 19, amemaliza fomu foo akaja toka Kasulu, analala humo humo analinda vitu. Namlipa 80,000 kwa mwezi na chakula juu yangu.

Sasa wateja wakaanza kulalamika, mama hii imechaji simu mara mbili na nusu ikakata, wewe si ulisema elfu ishirini na simu yangu ni elfu tano, ilitakiwa ichaji nne. Nikaona hapana, nitaonekana tapeli. Nikaagiza Dar kile kipimo cha USB kinachochomekwa katikati ya kichwa cha chaja na waya, kikaja na basi, kidogo tu kama kiberiti, kina kioo kinaonyesha volti na ampia na kinahesabu mAh.

Nikachukua pawabenki namba 3. Nikaiacha izime kabisa, nikaichaji kupitia kipimo mpaka taa zote 4 zikajaa, kikahesabu 16,900. Hiyo ilikuwa jioni, nikamwachia kijana nikaenda nyumbani. Kesho yake nikaanza kuchaji nayo simu za wateja moja baada ya nyingine kipimo kikiwa kimechomekwa, mpaka ikazima, kikasoma 11,940. Fundi nimeingiza 16,900 nimetoa 11,940, zimepungua 4,960 na hiyo ni simu moja kamili, na simu ya kijana ni ya 5,000! Nikajua anachaji usiku simu yake na za marafiki zake wa mwaloni pale wanaposhushia samaki. Nikamuuliza akakataa, akaapa, mi nikaona ni ubishi. Mwisho wa mwezi nikamkata 20,000. Hakusema kitu, kesho asubuhi akafunga begi akapanda gari akarudi Kasulu. Kaka yangu amenipigia mara moja tu akasema nimemwita mwanae mwizi, toka siku hiyo hapokei.

Na kuna mengine nayaona humo kwenye kipimo siyaelewi. Zile waya za mita mbili nilizonunua Mwanga sokoni dazeni nzima, nikichomeka simu naona volti 5.12 ambayo nimeambiwa ni nzuri lakini ampia 0.61 tu, waya mfupi uliokuja na simu unaonyesha 5.08 na ampia 1.62, kichwa ni kile kile. Siku nyingine simu ya mteja mmoja ikaonyesha volti 9 nikachomoa haraka nikijua inaungua. Na pawabenki namba 7 ambayo ilikaa kwenye boksi ile miezi 3 ziwa lilipofungwa watu wasivue mwaka 2024, toka Mei mpaka Agosti, hiyo inatoa 4,310 tu inazima.

Naomba uniambie ukweli. Nimemwonea yule mtoto? Na hivi vitu nivirudishe dukani au kipimo ndio kibovu?

Mama wa pawabenki, Kibirizi

MAJIBU

Marahaba mama. Nimesoma barua yako mara mbili na nakwambia kabisa, kijana hajaiba. Hizo 4,960 au karibu na hapo zinapotea kwenye pawabenki yoyote ya 20,000, hata ungeilaza ndani ya kabati lako ukafunga kufuli na ufunguo ukalala nao.

Nianze na hilo la 20,000 maana ndio mzizi. Wewe uko na watu wa dagaa kila siku utanielewa haraka. Gunia la dagaa ukilipima kwa kopo dogo unapata makopo mengi, ukilipima gunia lile lile kwa sado unapata sado chache, na dagaa hawajapungua hata mmoja. mAh ni hesabu ya makopo, ukubwa wa kopo ni volti. Waliotengeneza pawabenki wamehesabu 20,000 kwa kopo dogo, yaani betri ya ndani ambayo ni volti 3.7. Kipimo chako kimekaa kwenye tundu la USB ambako umeme unatoka kwa volti 5, kopo kubwa zaidi. Kwahiyo 20,000 mara 3.7 gawanya kwa 5 inakuja 14,800. Hapo hakuna mtu aliyegusa kitu, tumebadilisha kopo tu na 5,200 zimeshaondoka kwenye ile namba ya juu.

Halafu kuna moto. Ndani ya pawabenki kuna ubao mdogo unaopandisha volti toka 3.7 kwenda 5, na ule ubao unakula kidogo kila unapofanya kazi, si umewahi kuishika pawabenki ikiwa inachaji simu ukaona ina uvuguvugu, ule uvuguvugu ndio mAh zako zinaondoka. Toka 14,800 kushuka mpaka 11,940 kwa simu zilizochajiwa kwa siku nzima ni kawaida kabisa, tena namba 3 yako ni nzima mi ningeinunua. Geuza nyuma usome yale maandishi madogo ambayo hatuyasomagi, pawabenki nyingi za 20,000 zina mstari unaotaja uwezo wake kwa volti 5 na mara nyingi utakuta 12,000 na kitu. Wameandika wenyewe, ila kwa herufi za sisimizi.

Sasa ile ya kuingiza 16,900 na kutoa 11,940, hapo makopo ni sawa, yote ni volti 5, na ndio maana ukaona wizi. Lakini moto uko njia zote mbili. Bonyeza kile kitufe cha kipimo mpaka ukute Wh, yaani wati-saa, achana na mAh, hiyo Wh ni kama kilo kwenye mizani, haijali kopo. Umeingiza karibu Wh 84. Betri yenyewe inabeba 74 tu, yaani 20,000 mara 3.7 gawanya kwa 1,000, zingine zimetoka kama joto wakati inajaa. Wakati wa kutoa umepata karibu 60, zingine tena joto. Ukiingiza 100 ukapata 70 hivi umepata vizuri.

Na huhitaji kuniamini mimi. Kijana sa hivi yuko Kasulu, si ndio? Basi ichukue hiyo hiyo namba 3 nenda nayo nyumbani, ijaze, itoe, usiache mtu aiguse. Utapata zile zile 11,900 na kitu, zaidi kidogo au pungufu kidogo.

Halafu mama, nisamehe lakini hili lazima niliseme. Hata angekuwa anachaji kweli simu yake kila usiku, umepiga hesabu ya LUKU? Uniti moja ni Wh 1,000. Simu yake ya 5,000 mAh inabeba kama Wh 19, weka na moto wa pawabenki na wa kichwa cha chaji ukutani sema imevuta 35. Mara siku 30 ni 1,050. Uniti moja na kidogo, kwa mwezi mzima, kwa kijana anayelala kwenye mbao analinda mali yako. Ukamkata elfu ishirini.

Tuje kwenye waya maana hapo wateja wako wana tatizo lingine, la simu kuchaji polepole, na hapo kipimo kimekwambia ukweli ila umeusoma nusu. Kipimo kimechomekwa upande wa kichwa. Hiyo 5.12 ni volti inayotoka kwenye kichwa, sio inayofika kwenye simu. Kati ya hapo na simu kuna mita mbili za waya mwembamba na waya mwembamba unakaba umeme kama mpira wa kumwagilia uliokanyagwa. Simu ikijaribu kuvuta ampia moja na nusu volti inashuka njiani, pengine inafika 4.3, simu ikiona hivyo inapunguza yenyewe kuvuta ili isizidi kushusha, inatulia kwenye 0.61. Kichwa kizima, simu nzima, waya ndio unanyonga. Tena hiyo 5.12 kuwa juu kuliko 5.08 isikudanganye, iko juu kwasababu kichwa kimebeba mzigo mdogo.

Mwaka juzi nililetewa waya wa namna hiyo nikaukata kwa wembe nikaona. Nje mnene kama wa pasi, ukimenya ni plastiki tupu, katikati kuna nyuzi zile nyembamba kama nywele ya mtoto, nikazihesabu zilikuwa 7 kwenye ule wa chanya na 7 kwenye ule wa hasi. Nikasogeza sumaku ya spika mbovu zikanata. Shaba hainati kwenye sumaku, ile ilikuwa chuma kimepakwa rangi ya shaba juu. Sasa waya kama ule hata ukiuweka kwenye kichwa cha dhahabu ndio hivo hivo.

Namna ya kuzipima zote dazeni ni hivi, na usiruke hatua maana ukiruka utamwonea mtu mwingine tena. Chukua simu moja, yako, ikiwa kati ya asilimia 30 na 50, kioo kimezimwa. Ikiwa imefika 80 na kuendelea simu inapunguza yenyewe kuvuta utaona ampia ndogo ukalaumu waya mzuri. Kichwa kimoja, soketi moja ile ile ya ekstensheni, kitu pekee unachobadilisha ni waya. Kila waya subiri dakika mbili namba itulie, mwanzoni inapanda na kushuka. Andika kwenye kipande cha selotepu ya karatasi ubandike kwenye waya wenyewe. Inayozidi 1.4 na simu hiyo weka kwa wateja, ya 0.6 toa kibandani. Usimpe mtu bure pia, atakwenda kulaumu chaja yake huko. Hizo rudisha dukani na kipimo mkononi, mwonyeshe muuzaji hapo hapo waya mfupi na waya wake kwenye simu moja, wala usigombane naye, inawezekana na yeye ameletewa kwenye kontena hajui kilichomo. Na ukinunua tena nunua za mita moja, kwenye kibanda urefu wa nini.

Ile volti 9 haikuwa inaungua mama, umemkatisha mteja utamu. Hiyo ni fasti chaji. Simu na kichwa vinaongea kwanza kupitia zile nyaya nyingine ndogo za ndani, simu ikisema naweza 9 ndio kichwa kinapandisha, isiposema kinabaki kwenye 5. Ndio maana ukiweka kiswaswadu kwenye kichwa hicho hicho kinapata 5 yake na hakidhuriki. Ila hapo acha kusoma ampia peke yake soma wati, maana ampia 1.6 kwa volti 9 ni karibu wati 14 na ampia 1.6 kwa volti 5 ni wati 8, ampia ni ile ile lakini simu moja inamaliza mapema sana kuliko mwenzake. Na waya wako mbovu unaweza kuua hayo maongezi kabisa, kuna nyaya za bei ndogo hazina zile ndogo za ndani, zina chanya na hasi tu basi, simu inabaki inachaji polepole mteja anasema kibanda cha mama umeme wake mdogo.

Kwenye vichwa vyenyewe sikia, kichwa kilichoandikwa 2.4A hakisukumi 2.4, simu ndio inavuta inachotaka. Ukitaka kukijua uwezo wake lazima umpe mzigo, pawabenki iliyoisha kabisa ni mzigo mzuri. Angalia volti hapo kipimo kikiwa kwenye kichwa moja kwa moja, ikikaa juu ya 4.75 wakati kichwa kinatoa ampia kilizoandikiwa ni sawa, ikishuka chini ya hapo au kichwa kikawa cha moto mpaka unakiachia, kitoe. Kuna vibao vidogo vya rezista vinauzwa kwa ajili ya kuvuta ampia 1 au 2, vinafaa ila vinakuwa vya moto kweli, usikiweke juu ya meza ya plastiki ukaondoka.

Na hapa naomba unisikilize kuliko kote. Kipimo chako hakijui hatari. Kichwa kinaweza kuonyesha 5.10 safi kabisa na bado ndani kikawa kimetenganisha ule umeme wa 230 wa ukutani na ule wa simu kwa kitu kidogo cha ovyo. Wewe uko mwaloni, mchanga mbichi, mtu anatoka majini miguu mitupu nguo zinachuruzika anashika simu iliyo kwenye chaji. Kichwa chochote ambacho mteja amesema kinamtekenya akishika simu, usikipime, kivunje ukitupe. Na ekstensheni ining'inize ukutani isikae chini.

Namba 7 imekufa. 4,310 kwa volti 5 ni Wh 21 na nusu kati ya 74, huo sio moto wala kopo, hizo ni betri zimeharibika. Uliiweka kwenye boksi ikiwa imeisha si ndio? Betri za namna hii zikikaa tupu miezi zinaendelea kushuka polepole zenyewe mpaka zinapita chini ya pale zinapoweza kurudi. Ziwa likifungwa tena au ukisafiri, ziache zikiwa na taa 2 kati ya 4, nusu, na kila mwezi uzitazame. Hiyo 7 usijaribu kuifufua na wala usimpe fundi aifungue abadilishe. Ikiwa tumbo limeanza kujaa, ukiiweka juu ya meza inacheza, itoe ndani leo hii, iweke nje juu ya mchanga mkavu mbali na mbao na nyavu, isitobolewe na isichomwe.

Ukienda kununua nyingine ya kuziba nafasi yake beba akili hii, iweke kwenye mizani ya dukani kabla hujatoa hela. Betri zinazobeba 20,000 kweli zina uzito wake, pawabenki nzima inakuja kama gramu 350 au 400. Ukiambiwa 20,000 na mizani inasema 180, hiyo ni maandishi tu. Mizani pale Kibirizi hazikosekani.

Kipimo chako ni kizima. Mi ninavyo viwili hapa, kimoja kinasoma 5.08 kingine 5.13 kwenye kichwa kile kile, kwahiyo namba ya mwisho kabisa usiigombanie. Ila kabla ya kila jaribio shikilia kitufe mpaka hesabu irudi sifuri, wengi wanasahau hiyo wanajumlisha ya jana na ya leo.

Kuhusu kijana, usimtumie elfu ishirini kwa simu ukanyamaza, ataiona kama umemlipa akae kimya. Kaka hapokei kwasababu umemwita mwanae mwizi, na neno hilo halirudi kwa muamala. Panda gari uende Kasulu mwenyewe, beba dagaa kidogo, beba na kipimo na pawabenki namba 3 ikiwa imejaa. Kaa na kaka yako na mtoto akiwepo, useme mbele ya baba yake kwamba ulikosea hesabu, umwonyeshe ile 16,900 na 11,940 na kwanini ziko hivyo, halafu hela yake umpe mkononi. Akikubali kurudi mwachie yeye kazi ya kupima hizo pawabenki zingine na kuandika, macho yake yanaona yale maandishi ya nyuma kuliko mimi na wewe.

Ziko 7 hujazipima bado. Mkimaliza niandikie, kila moja na namba yake ya rangi ya kucha na Wh zake za kutoka, mAh usiniletee. Yoyote itakayotoa chini ya Wh 45 iandike pembeni tuiongelee.